Rudolf Diesel: mtu ambaye jina lake twalimimina kwenye tangi kila siku

Anayeijua Kongowea na kudhani amemaliza masoko, aende Chwele. Ni bara kabisa, kaunti ya Bungoma, upande wa mlima Elgon, na siku ya soko hupiti bila kupigwa kikumbo. Vitunguu, nyanya, maharage, ndizi, kuku waliofungwa miguu, mahindi kwa magunia. Nilifika huko na shemeji yangu ambaye hununua bidhaa na kuzishusha Mombasa. Mzigo wake wa siku ile ulikuwa vitunguu na njugu, zile ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita karanga.

Lori lilipokwisha kupakiwa, dereva akawasha. Moshi mweusi ukatoka, na mama mmoja aliyekuwa ametandaza njugu zake chini akazifunika kwa leso haraka huku akimtazama dereva kwa jicho ambalo halikuhitaji tafsiri. Nikamwuliza taniboi kwa nini mafuta haya yaitwa dizeli. Akaniambia ni jina la mafuta tu, kama vile petroli ni petroli. Wengine waliokuwa karibu wakakubali. Nilipowaambia kuwa Diesel alikuwa mtu, tena mtu aliyefia baharini, na kwamba injini ya aina hii iliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya njugu, walicheka wakaona mtu wa pwani ameanza hadithi zake.

Basi hadithi yenyewe ni hii, na si ya kutunga.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria waliohamia Ufaransa kutafuta maisha. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi. Fedha hazikuwa nyingi, na kijana alipokuwa na nguvu za kutosha akapewa kazi ya kupeleka mizigo kwa wateja kwa mkokoteni. Wale mahamali wetu wa Marikiti wasukumao mikokoteni juani wajue kuwa mtu aliyeleta injini ya malori alianza na kazi yao.

Akipata nafasi alikuwa akienda kwenye jumba la makumbusho la mitambo lililokuwa karibu na kwao. Ndani yake kulikuwa na gari la mvuke la Cugnot, dude la magurudumu matatu lililotengenezwa karibu miaka 90 kabla yeye hajazaliwa ili livute mizinga ya jeshi la Ufaransa. Lilikuwa zito, la polepole, na halikufaa kitu. Lakini lilikuwa gari lijiendeshalo lenyewe bila farasi, na mtoto yule alikuwa akilichora.

Mwaka 1870 vita vikazuka baina ya Ufaransa na Ujerumani. Kila Mjerumani aliyekuwa Paris akawa adui. Familia ya Diesel ikafungasha virago ikakimbilia London na umaskini wake. Huko mambo hayakuwa mazuri, na mama akaona njia moja tu: kijana wa miaka 12 apelekwe Augsburg, Ujerumani, kwa jamaa yao mwalimu wa hesabu. Alisafiri peke yake, kwa meli na treni, siku kadhaa, wakati wa vita. Sisi tunaojua kumpeleka mtoto akalelewe kwa mjomba ili asome, tunalielewa jambo hili bila kuelezwa. Kijana akasoma kweli kweli. Kila shule aliyopita alikuwa wa mbele, na alipokuwa na miaka 14 alikwisha kuwaandikia wazazi wake kuwa atakuwa mhandisi.

Alipata nafasi ya kusoma chuo cha ufundi cha Munich kwa msaada wa masomo. Huko mwalimu wake alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za baridi, na katika darasa la Linde Diesel alisikia jambo ambalo halikumtoka tena kichwani: mashine ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha viwanda, meli na treni za dunia nzima, ilikuwa ikipoteza karibu joto lote la makaa yake. Katika kila sehemu 10 za moto, sehemu moja hivi, au chini ya hapo, ndiyo ifanyayo kazi. Zilizobaki zaenda na moshi. Kijana huyu aliyelelewa katika nyumba ya kuhesabu senti hakuweza kuvumilia ubadhirifu wa namna hiyo. Akaandika pembeni ya daftari lake kwamba jambo hilo lataka kuchunguzwa.

Homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wake wa mwisho mwaka 1879, akaufanya mwaka uliofuata na kuupita kwa alama za juu sana. Kisha akarudi Paris kusimamia kiwanda cha barafu cha mwalimu wake. Miaka 10 hivi alikuwa mtu wa barafu na majokofu, na mwaka 1883 akamwoa Martha Flasche. Wakapata watoto watatu. Mchana barafu, usiku injini. Alijaribu injini ya kutumia mvuke wa amonia badala ya maji, ikamlipukia, akalazwa hospitali kwa muda mrefu.

Hapa nisimame kidogo nieleze hali ya magari ilivyokuwa, maana wengi hudhani gari lilizuliwa na mtu mmoja. Nikolaus Otto alikwisha kuunda injini ya mipigo minne mwaka 1876. Karl Benz akapata hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, na miaka miwili baadaye mkewe, Bertha, akalichukua na wanawe wawili bila kumwaga mumewe, akaenda nalo kilomita 100 hivi kwa mamake, akinunua mafuta kwa mwuza dawa njiani. Hizo zote zilikuwa injini za gesi au mafuta mepesi yanayochanganywa na hewa kisha yakawashwa kwa moto au cheche.

Diesel alikuja na wazo lingine kabisa. Ukijaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono utaona chini ya pampu pana joto. Hewa ikibanwa hupata moto. Diesel akasema, tuibane hewa peke yake ndani ya silinda, tuibane sana mpaka iwe na joto la kuwasha kitu, ndipo tuyapulize mafuta ndani. Yatashika moto yenyewe. Hakuna plagi ya cheche, hakuna kiberiti, na kwa kuwa mbano ni mkubwa, nguvu ipatikanayo kwa kila tone ni kubwa. Mpaka leo, makanika yeyote wa Chwele, Changamwe au Malindi anajua tofauti hiyo, hata kama hajasikia habari za Munich.

Aliomba hataza yake mwaka 1892, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kidogo kueleza nadharia. Wataalamu wengi wakamkejeli. Lakini kampuni ya mitambo ya Augsburg, ile iliyokuja kuitwa MAN, ikakubali kumpa karakana, na Krupp wakatia fedha. Agosti 1893 akaijaribu mashine ya kwanza. Mafuta yaliwaka kama alivyosema, lakini kipimo cha mgandamizo kilichokuwa juu ya silinda kikapasuka, vipande vikaruka karibu na vichwa vyao. Angekufa pale, na leo tungekuwa na jina jingine kwenye vituo vya mafuta. Yeye alifurahi, maana wazo lilikuwa limethibitika.

Februari 1894 injini ikazunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Husimuliwa kwamba fundi aliyekuwa akiiangalia aliona mkanda umeanza kuvutwa na injini badala ya kuivuta, akavua kofia yake bila kusema neno. Dakika moja, baada ya miaka ya kazi. Ikabidi miaka mitatu mingine ya kubadilisha hiki na kile. Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa Munich akaipima rasmi. Ilikuwa na urefu wa kama mita 3, uzito zaidi ya tani 4, nguvu za farasi kama 20. Lakini ilitumia vizuri zaidi ya robo ya joto la mafuta yake. Kwa wakati ule hapakuwa na mashine ya moto iliyokaribia hapo.

Fedha zikamiminika. Kutoka Marekani, Adolphus Busch, tajiri wa pombe, alinunua haki za nchi yake kwa marki milioni moja. Uswisi, Urusi, Sweden, Uingereza, wote walitaka. Mtoto wa mkokoteni akawa milionea akiwa hajafika miaka 40. Akajenga jumba la fahari Munich.

Na hapa ndipo mambo yake yalipoanza kwenda kombo. Injini za kwanza walizouziwa watu zilikuwa zikiharibika, wateja wakalalamika, wapinzani wakamfungulia kesi kuhusu hataza. Akapatwa na maumivu ya kichwa, akawekwa kwenye nyumba ya mapumziko kwa miezi. Fedha alizozipata akazitia kwenye viwanja na visima vya mafuta, na huko akadanganywa na kupoteza nyingi. Mtu aliyeweza kuhesabu joto la hewa ndani ya silinda hakuweza kuhesabu madalali. Nimewaona wengi wa namna hiyo hapa kwetu, fundi hodari mwenye mikono ya dhahabu, na ardhi yake imeuzwa mara tatu.

Sasa nije kwenye njugu.

Mwaka 1900 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia huko Paris. Injini ya Diesel ilipata tuzo kuu. Lakini pembeni kulikuwa na injini moja ndogo ya aina hiyo, iliyoletwa na kampuni ya Otto, ikiendeshwa kwa mafuta ya njugu. Ilikwenda vizuri hata watu wachache sana walitambua kuwa ndani yake hamkuwa mafuta ya kawaida. Waliotaka jaribio hilo ni serikali ya Ufaransa, na sababu yao ilikuwa Afrika. Njugu zilikuwa zikilimwa kwa wingi katika makoloni yake, na wao wakafikiri, kwa nini kusafirisha makaa na mafuta mpaka huko, ilhali koloni laweza kuendesha mitambo kwa kile kinachoota hapo hapo? Diesel mwenyewe alilifuatilia jambo hili baadaye kwa majaribio yake, na mwaka 1912, akizungumza mbele ya wahandisi, alieleza kwamba mafuta ya mimea yaonekana ni kitu kidogo kwa sasa lakini siku moja yaweza kuwa muhimu kama petroli na makaa.

Tusimtie sifa asizostahili. Wafaransa hawakuwa wakiwafikiria wakulima wa Senegal kwa mapenzi. Walikuwa wakihesabu faida ya dola. Na mafuta ya ardhini yalipokuwa rahisi, shauri lile likasahauliwa kwa miongo. Lilipofufuka, lilifika mpaka kwetu pwani. Wasomaji wa Magarini watakumbuka ule mpango wa kulima mbono kwenye msitu wa Dakatcha ili kupata mafuta ya magari ya Ulaya. Wenyeji wakauliza watalima wapi mahindi, watu wa mazingira wakauliza ndege wa msitu waende wapi, na mpango haukusonga. Mimi nilikuwa upande wa wenyeji na bado niko. Lakini ukimsoma Diesel vizuri utaona kuwa jambo lake lilikuwa tofauti na lile la Dakatcha: mafuta yatoke kwa mkulima yatumike na mkulima, pale pale.

Maana Diesel alikuwa na ndoto nyingine ambayo haitajwi sana. Aliona jinsi mashine kubwa za mvuke zilivyowaua mafundi wadogo kama baba yake. Mvuke wataka boila kubwa, boila kubwa lataka kiwanda kikubwa, kiwanda kikubwa chataka tajiri mkubwa. Fundi wa ngozi mwenye chumba kimoja hawezi. Alitaka injini iwezayo kufanywa ndogo, iingie kwenye karakana ya mtu mmoja, impe nguvu bila kumfanya mtumwa wa kiwanda. Mwaka 1903 akaandika kitabu kizima kuhusu ushirika wa wafanyakazi, akakiona kuwa kazi yake kubwa kuliko injini. Nakala chache tu ziliuzwa.

Wakati huo injini yake ilikuwa ikienda njia nyingine. Ilikuwa kubwa mno kwa gari, ikahitaji kompresa nzito ya kupuliza mafuta, kwa hiyo ikaingia kwenye vituo vya umeme na meli. Mwaka 1912 meli ya Selandia ya Denmark ilisafiri mpaka Bangkok na kurudi kwa injini za dizeli, bila mvuke, na mabaharia bandarini wakashangaa meli isiyo na moshi wa makaa. Wanajeshi nao wakaipenda kwa nyambizi. Diesel hakuwahi kuona lori la dizeli likiuzwa.

Septemba 1913 hali yake ya fedha ilikuwa imefika ukingoni. Watu wengi walimdhani tajiri bado. Tarehe 29 aliingia meli iitwayo Dresden, bandari ya Antwerp, akielekea Uingereza kwa mkutano wa kampuni na kwa shughuli za kiwanda kipya cha Ipswich. Alikuwa na wenzake wawili. Wakala chakula cha usiku, wakatembea kidogo staha, wakazungumza kwa furaha. Mnamo saa nne usiku akawaaga akaenda chumbani kwake, akiagiza aamshwe saa kumi na mbili na robo alfajiri.

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Kitanda hakikulaliwa, nguo ya kulalia imetandazwa. Staha ya nyuma wakakuta kofia yake na koti lake lililokunjwa vizuri. Siku 10 baadaye mashua moja ya Uholanzi ikaona maiti ikielea. Mwili ulikuwa umeharibika sana na bahari imechafuka, kwa hiyo mabaharia wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni, kijaluba cha dawa, kisu kidogo, kibweta cha miwani, kisha wakaurudisha majini. Mwanawe Eugen akaitwa Vlissingen kuvitazama vitu hivyo. Akavitambua. Vilikuwa vya babake.

Magazeti yakasema yaliyosema. Wengine wakadai ameuawa na majasusi wa Ujerumani asiwape Waingereza siri za nyambizi, wengine wakasema matajiri wa mafuta. Hakuna kati ya hayo lililowahi kuthibitishwa. Kilichojulikana ni kwamba kabla ya kusafiri alimwachia mkewe begi na kumwomba asilifungue mpaka wiki ijayo. Ndani yake mlikuwa na fedha taslimu na karatasi zilizoonyesha kuwa akaunti zake zi tupu. Na katika kitabu chake cha tarehe, siku ile ya 29 Septemba, kulikuwa na alama ya msalaba. Kila mtu ahukumu mwenyewe. Mimi nalala upande wa wale wasemao madeni yalimzidi, ingawa mtu aliyekwisha kuamua sijui kwa nini aagize kuamshwa.

Alikuwa na miaka 55. Hana kaburi. Sisi watu wa pwani tunazijua familia zilizopoteza mtu baharini, zikabaki na kofia au shati tu la kumlilia, na miaka ikapita nyumbani wakiukodolea macho mlango. Martha Diesel alikuwa mmoja wao.

Injini ikaendelea bila yeye. Mwaka 1923 na 1924 Benz, Daimler na MAN wakatoa malori ya kwanza ya dizeli, kwa kuwa mafundi walikuwa wamepata njia za kuifanya ndogo. Robert Bosch akaanza kuuza pampu yake ya kupuliza mafuta mwaka 1927, na kompresa nzito ikawa haina kazi tena. Mwaka 1936 Mercedes-Benz wakaleta gari dogo la dizeli, 260 D, ambalo madereva wa teksi walilipenda kwa kuwa halikuwa na kiu. Kwetu, reli iliacha mvuke ikashika dizeli. Feri ya Likoni ni dizeli. Lamu ilikaa miaka mingi ikiwashwa taa na jenereta za dizeli. Jahazi zilizokuwa zikingoja kusi na kaskazi zikatiwa mashine, na manahodha vijana siku hizi baadhi yao hawajui kusoma upepo. Tumepata na tumepoteza.

Turudi Chwele. Nyuma ya soko nilisikia mlio nilioujua tangu utoto, tuk tuk tuk tuk, nikaufuata. Ilikuwa mashine ya kusaga, ndani ya kibanda cha mabati, injini moja ya dizeli iliyofungwa kwa mkanda, na mwenyewe kijana mwenye unga mpaka kwenye kope. Hana bosi. Akina mama wamepanga foleni na debe zao za mahindi. Akaniambia injini hiyo aliirithi kwa babake, na kwamba haimsumbui ila bei ya mafuta, ambayo ikipanda yeye huona haya kuwapandishia mama zake.

Nikamwuliza kama amewahi kujaribu mafuta mengine. Akasema mzee wake, mwaka mmoja dizeli ilipoadimika, alichanganya na mafuta ya kupikia. Injini iliendelea kusaga. Tatizo pekee, alisema huku akikaza mkanda, ni kwamba kibanda kizima kilinuka mandazi, na watoto wa jirani walikuja kupanga foleni.